Tangu Tuache Kunung'unika

3 Februari

Mume wangu, Baba Kasuku,

Dereva wa lori la kampuni yenu alipita jana jioni akanipa bahasha yako. Amesema atarudi asubuhi kuchukua jibu, kwa hiyo naandika upesi kabla Kasuku hajaamka na kuitaka kalamu.

Naanza kama tulivyoahidiana. Nashukuru kwamba umefika salama. Nashukuru kwamba cherehani haijanisumbua wiki hii. Nashukuru kwamba mama yako amekula akamaliza.

Mchungaji aliniuliza Jumapili baada ya ibada kama tunalishika agano letu. Nikamwambia tunalishika. Akafurahi, akasema nyumba inayoshukuru haina kiti cha shetani. Nikasema amina. Ni kweli kwamba tangu tumzike mwanetu Bosi mwaka jana nyumba hii ilijaa manung'uniko mpaka darini, yako na yangu, na yote yalikuwa yakiishia palepale: kwamba wewe ulikwenda kutengeneza jokofu la watu mtoto akiwa na homa, na kwamba mimi nilisubiri mpaka asubuhi ndipo nikampeleka hospitali. Mchungaji alifanya vema kutukalisha mezani kabla hujasafiri. Neno chungu likija mdomoni, tuweke shukrani mahali pake. Simu iwe ya Kasuku kila Jumapili, maana sisi wawili tukishika simu tunarushiana mawe. Sisi tuandikiane, kwa sababu kalamu humpa mtu muda wa kumeza. Nami nameza.

Binti yako ameishika sheria kutuzidi. Yule tuliyempa jina la Kasuku kwa ajili ya mdomo wake sasa anapima maneno kabla ya kuyatoa. Juzi aliungua ulimi kwa chai, machozi yakamlenga, akasema anamshukuru Mungu kwa chai ya moto. Mama yako akaweka kikombe chini akamtazama kwa muda mrefu.

Mama mwenyewe amekataa kuingia kwenye agano. Anasema ameokoka tangu mchungaji wetu akiwa ananyonya, na Mungu amezoea kumtambua kwa kelele zake; akinyamaza ghafla, huko juu watadhani amekufa. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nimepata kazi ya mapazia ya nyumba mpya, madirisha marefu kutoka sakafuni hadi juu. Fundi aliyejenga aliapa kwamba yote yana upana mmoja. Nimeyapima, hakuna mawili yanayolingana. Nashukuru kwa fundi yule, ameniongezea kazi.

Umeandika kwamba mwezi wa nne watakuuliza kama unaongeza mkataba wa miaka miwili. Juu ya hilo sina neno. Nashukuru kwamba wanakuthamini.

Mkeo,
Mama Kasuku


14 Februari

Mama Kasuku mke wangu,

Shukrani zangu ni hizi. Nina afya. Nina kitanda. Fundi rangi ninayelala naye chumba kimoja anakoroma kwa bidii, na nashukuru, maana nikiamka najua angalau mmoja wetu yu hai.

Hii ni ghala ya matunda. Tunaifungia vyumba vya baridi, kila kimoja kikubwa kama kanisa letu bila madhabahu. Kazi yangu ni mabomba ya gesi na kompresa. Tukimaliza kuunga bomba tunalipaka povu la sabuni na kulitazama. Povu likitoa kijipovu, gesi inavuja, tunarudia. Kompresa naisikiliza kwa kuegemeza bisibisi kwenye chuma na upande wa mpini sikioni. Vijana wana vipimo vya umeme vinavyowaka taa, lakini wakibishana wananiita niende na bisibisi yangu. Nashukuru kwa masikio.

Vyumba viwili vya kwanza tumeviwasha. Mtu akikaa humo saa moja, vidole vinaingia ganzi hata ndani ya glavu mbili. Ganzi si mbaya, huhisi chochote. (Hapa nimefuta mstari. Usiushike kwenye mwanga kuusoma.)

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Haina hata neno moja linalouma. Nimejiambia kumbe inawezekana. Nilipokuwa hapo haikuwezekana.

Mwambie Mama namsalimu. Mwambie Kasuku kwamba Jumapili asinishukuru tu kwenye simu, anisimulie na mambo ya shule.

Mumeo,
Baba Kasuku


2 Machi

Mwanangu,

Kalamu uliyoniachia inavuja. Nimechafua kidole na kitambaa cha meza, na mkeo ameshukuru kwamba kitambaa ni cha zamani.

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu huko unakopata habari hupati habari. Kiti changu mguu mmoja mfupi, ulisema utautengeneza tangu mwaka juzi. Jirani amenunua jenereta, inaunguruma mchana kutwa, na hata taa yenyewe haiwaki vizuri. Mchungaji amehubiri Jumapili mpaka akanywa maji mara tatu, sisi tusiokunywa tukawa tunamwangalia tu. Magoti yangu unayajua. Betri za redio zimekufa. Dereva wenu anagonga mlango kama askari.

Halafu mkeo. Wiki iliyopita alikuwa anapiga pasi pazia la watu, lile jeupe. Akasimama na pasi mkononi imelala juu ya kitambaa, akitazama ukuta. Nikasikia harufu, nikatoka chumbani na magoti yangu haya, nikakuta moshi. Nikamwita, hakusikia. Nikamshika mkono. Akatazama lile tundu, akasema, "Nashukuru Mungu halikuwa lile refu." Akakata kitambaa kingine, akaanza upya. Hakutoa hata sonyo. Mwanangu, mimi nimeunguza vitu maishani mwangu, na sijawahi kushukuru kabla ya kutukana kidogo.

Chumba cha watoto amekifunga. Kasuku analala sebuleni kwenye godoro. Nikiuliza ufunguo uko wapi naambiwa sebule ina hewa nzuri, tunashukuru. Mtoto mwenyewe, mwenye miaka tisa, anaongea kama mzee wa kanisa kwenye harambee. Hakuna anayelitaja jina la Bosi. Mtoto wa miaka minne aliyetuamuru sote humu ndani, hata mimi alikuwa akiniambia nihame kwenye kiti chake, leo jina lake limekuwa kama tusi. Nikilitaja mimi, wanainuka kuosha vyombo.

Usiongeze mkataba. Rudi. Na utume betri, zile kubwa.

Ni mimi mama yako,
ambaye hasikilizwi


11 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata na nimemsomea fundi rangi, amecheka mpaka akashika ubavu. Anasema ukichoka huko uje tukuajiri uwe msimamizi, ghala hii itakwisha wiki mbili.

Mama yangu, nakujua. Siku ya harusi yangu ulilalamika kwamba kanisa lina upepo. Nilipopata kazi ulilalamika kwamba sare haina mifuko. Mvua ikinyesha ni balaa, isiponyesha ni balaa kubwa zaidi. Wewe utafika mbinguni uwaambie malaika viti ni vigumu. Nikiamini kila lalamiko lako nitarudi nyumbani kwa sababu ya mguu wa kiti.

Mke wangu ana amani, Mama. Barua zake ninazo hapa. Mwaka jana asingemaliza ukurasa bila kunichoma mahali, na alikuwa na haki yake. Sasa anaandika kurasa mbili za shukrani tupu. Mtu kuunguza pazia ni ajali, wewe hukuwahi kuunguza? Mwache apumzike. Kila mtu ana namna yake ya kupona.

Betri nimempa dereva. Nimemwambia agonge taratibu.

Mwanao


20 Machi

Mama Kasuku,

Nashukuru kwa afya. Nashukuru kwa kazi. Nashukuru kwa barua zako.

Msimamizi ameniita ofisini leo, akaniwekea karatasi mezani. Ni miaka miwili, likizo mara moja kwa mwaka. Anataka jibu wiki ya kwanza ya mwezi wa nne. Nimemwambia nina mke, nitamwandikia kwanza.

Nimefikiri sana na sasa naandika bila hasira, usidhani nalalamika. Mtambo ukipiga kelele na hujui inatoka wapi, unatoa kipande kimoja unasikiliza, unakirudisha, unatoa kingine. Kipande kikitoka na kelele ikaisha, hicho ndicho kibovu. Nilipokuwa nyumbani tulikuwa tukigombana asubuhi na jioni. Hukuweza kuitazama mikono yangu hii iliyoshika jokofu la watu usiku ule. Nimeondoka, na tangu nimeondoka hakujatoka neno chungu nyumbani kwetu. Kasuku anashukuru, wewe unashukuru, hata mchungaji anafurahi. Nadhani tumekiona kipande.

Ukitaka nirudi, andika hivyo. Usipotaka, shukuru tu kama kawaida, nitaelewa, na sitakuwa na kinyongo.

Mumeo


27 Machi

Baba Kasuku,

Nashukuru kwa karatasi uliyoletewa. Wangapi wanaitafuta hawaipati. Nashukuru kwamba wamekupa nafasi ya kufikiri. Nashukuru kwamba umeniuliza.

Mwanamume anayetaka kurudi nyumbani hurudi, haombi kura. Hili si lalamiko, ni jambo tu ninalolijua. Naona kazi hiyo umeipenda na mkono wako unatambuliwa, na mimi ni nani nikuzuie. Tuliahidi mbele ya mchungaji kwamba hatutanung'unika, na mimi nikiahidi kitu nakishika.

Mapazia ya nyumba ile mpya nimemaliza, nimeyatundika jana. Mwenye nyumba alisimama katikati ya sebule akasema sasa ndiyo nyumba. Nikamshukuru.

Nilianza kukuandikia barua nyingine kabla ya hii. Nashukuru kwa jiko, lilikuwa limeshawashwa.

Kasuku amekuwa wa pili darasani. Mama yako anasema ulizomtumia ni betri ndogo.

Uamuzi ni wako. Nashukuru.

Mama Kasuku


4 Aprili

Mama Kasuku,

Nimesaini.

Nashukuru.

Chumba cha tatu tumekiwasha leo, kimefika baridi tuliyoitaka bila kuvuja popote. Vijana wamepiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama ndani nikaona midomo yao inacheka upande wa pili wa kioo cha mlango, na nikakumbuka kwamba natakiwa nitoke.

Baba Kasuku


16 Aprili

Baba Kasuku,

Leo sianzi na shukrani. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Kasuku amelazwa usiku mmoja hospitali na ametoka. Anaendelea vizuri, nimekuandikia hilo kwanza ili usikimbie kabla ya kumaliza. Alikanyaga sindano yangu ya mkono pale sebuleni anapolala, ikavunjikia kwenye unyayo. Hakumwambia mtu. Alikwenda nayo shule, akarudi nayo, akaosha nayo vyombo, akapiga magoti nayo kwenye maombi ya jioni na kumshukuru Mungu kwa ajili ya siku njema. Nilimsikia kwa masikio yangu. Kesho yake akafanya vilevile. Siku ya tatu mama yako alikuwa mlangoni analalamika juu ya jua, akamwona anavyotembea. Akamkalisha kwa nguvu, akamvua soksi. Mguu ulikuwa umevimba na umekuwa mwekundu hadi kwenye kifundo.

Nilimuuliza mwanangu kwa nini hakusema. Akaniambia, "Nilishukuru kwamba mguu wa kulia hauna kitu, Mama."

Mama yako hakunigombeza. Ni mara ya kwanza tangu niolewe. Alisema tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akaenda kutafuta teksi na magoti yake hayo.

Nilikaa kwenye benchi lilelile la mwaka jana, Baba Kasuku. Hawajalibadilisha, wala ukuta hawajaupaka rangi. Daktari alikuwa mwingine, kijana. Alipokuwa anaitoa ile sindano mtoto alitabasamu. Alikuwa amenishika mkono ananibana mpaka pete ikaniuma, na usoni anatabasamu, anamwambia daktari asante. Nikamwambia alie. Akanitazama, akaniuliza kama inaruhusiwa.

Nikamwambia inaruhusiwa. Akalia mpaka muuguzi wa wodi ya jirani akaja kuchungulia. Alipomaliza kuulilia mguu akaendelea. Alimlilia Bosi, kwa jina, kwa sauti, akisema kitanda chake kiko kitupu na hakuna anayesema. Mwaka mzima alikuwa nalo hilo. Mimi nikalia naye, na mama yako akatukemea sote wawili kwamba tunapiga kelele hospitali, huku naye analia.

Sasa nisikilize, nina malalamiko.

Nalalamika kwamba ulikwenda. Sisemi siku ya jokofu. Hiyo nimeisema mpaka imechakaa, na ungekuwepo usiku ule tungesubiri asubuhi wote wawili, hilo nalijua. Nasema mwezi wa kwanza. Ulifunga begi ukaniachia chumba kile na mimi peke yangu nikaambiwa nishukuru. Nimekifunga kwa sababu nikiingia nageuza shuka ya kitanda cha mtoto asiyekuwepo, na nikitoka sijui nimekaa humo muda gani.

Nalalamika kwamba ulisoma barua zangu ukaona amani. Wewe unayeegemeza bisibisi kwenye chuma ukajua kompresa inaumwa wapi, mimi hukunisikia? Umeandika kwamba kipande kikitolewa na kelele ikaisha ndicho kibovu. Mimi mitambo siijui. Lakini mtambo hunyamaza pia ukichomolewa umeme.

Nalalamika kwamba uliniambia nishukuru kama sitaki urudi. Ulinifunga mdomo halafu ukaniomba nijibu.

Kwa Mungu nako nimepeleka. Nilipiga magoti jana nikamwambia sijui kwa nini alimchukua na sitajifanya najua, na kwamba zile shukrani zote nilizompelekea tangu mwezi wa kwanza azichuje mwenyewe, nyingi hazikuwa na kitu ndani. Niliogopa. Kisha nikaona bado nimepiga magoti pale, na kwamba kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilikuwa nazungumza na mtu. Nikamshukuru kwa mguu wa Kasuku. Hiyo ilikuwa na kitu ndani.

Mchungaji nilimweleza. Aliivua kofia, akasema alitaka tuache kuumizana, hakutaka tuzibane midomo, na kwamba hakutuuliza vizuri. Akaomba msamaha, hata kwa Kasuku. Nimemsamehe. Mahubiri yake ni marefu mno, na hilo pia nimemwambia.

Najua umeshasaini. Sikuombi uvunje neno lako. Nasema tu kwamba nilitaka urudi, na nilitaka urudi tangu siku ulipofunga begi. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye barua niliyoitia jikoni.

Mkeo,
Mama Kasuku na Bosi


24 Aprili

Mama Kasuku na Bosi, mke wangu,

Nilipofika kwenye mstari wa sindano nilisimama, nikakumbuka umesema nikae, nikakaa. Nimeongea na Kasuku kwenye simu ingawa haikuwa Jumapili. Amenilalamikia robo saa nzima kuhusu bandeji, uji wa hospitali na kelele za bibi yake. Sikumkatiza.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia naitaka karatasi yangu. Akasema saini ni saini. Nikavuta kiti bila kukaribishwa, nikamlalamikia mpaka chai yake ikaota utando. Alidhani mimi ni mtu mpole, alishangaa. Mwishowe amesema ataniachia akipata fundi wa kompresa mwingine, na huyo hawezi kupatikana kabla ya mwezi wa sita. Si jibu zuri. Lakini wiki ijayo ananipa siku nne, nakuja na lori. Ufunguo usiuguse mpaka nifike, tutafungua pamoja.

Mimi nami nina lalamiko. Ulifua sweta ya Bosi. Wiki ya mazishi niliingia chumbani kuitafuta kabla watu hawajaamka, nikaikuta nje kwenye kamba, inanukia sabuni, harufu yake imeondoka. Ulikuwa umeifua vizuri, na watu walikuwa wengi, nikasema nini? Nikaingia ndani nikanywa chai. Tangu siku ile sikuweza kukaa na wewe chumba kimoja, nikawa natafuta sababu nyingine za kugombana, na zilikuwepo za kutosha. Sikujua ni hilo mpaka nilipoanza kukuandikia hapa. Sitaki uombe msamaha. Nilitaka ujue.

Jioni tunaomba hapa, mimi na fundi rangi, yeye kitandani kwake na mimi kwangu. Kila siku huwa nashukuru kwa ajili ya mke wangu, mama yangu, na Kasuku, halafu nasema amina haraka. Kwa ajili ya Bosi sijawahi kushukuru hata mara moja. Niliona nikishukuru nitakuwa nimetia saini kwamba sawa, achukuliwe. Jana nilipofika kwa Kasuku sikusema amina. Fundi rangi akasubiri.

Shukrani haikuja. Kilichonijia ni asubuhi moja ulipokuwa umekwenda kupima madirisha ya watu. Bosi alivaa viatu vyangu vya kazi, vile vyenye chuma mbele, akavuka navyo sebule nzima kwa kuburuta, akafika mlangoni akaanguka kifudifudi. Hakulia. Aliinuka, akaviweka pamoja, akasimama mbele yangu mikono kiunoni na kunitangazia kwamba viatu hivi ni vibaya, vinaangusha watu, na leo nikitoka kazini nikanunue vingine vinavyotutosha wote wawili. Nikamjibu, "Sawa, Bosi." Nikavivaa nikaenda zangu kazini, nikacheka njia nzima, na nilisahau kukusimulia.

Nililisema lote hilo kwenye maombi, kwa sauti, kama alivyolisema yeye, mpaka mikono kiunoni. Nikamshukuru Mungu kwa lalamiko lile. Fundi rangi akaitikia amina.

Mumeo,
Baba Kasuku na Bosi